Likija Daftari la Majina Mlangoni, Usisaini Kwanza

Mdogo wangu wa Manundu hapa Korogwe, na wewe wa Majengo, na wewe uliyeko Chanika kule Handeni, sogeeni karibu. Leo sina habari za mume wala za wifi. Nataka tuongee habari za nyumba ambazo mtaa ukizisikia tu unachafuka: nyumba ya kulaza watu waliopewa dhamana na mahakama ila hawana pa kufikia, nyumba ya vijana wanaoacha dawa za kulevya, hizi tunazoziita soba hausi, au nyumba ya watoto wenye kesi. Naijua hali inavyokwenda. Fununu inatoka gengeni asubuhi, adhuhuri imeshafika kwa mama ntilie wa stendi, na jioni daftari la majina linabisha hodi mlangoni kwako. Mbebaji anakwambia, "Dada, saini hapa, wanataka kutuletea wezi." Wewe una mtoto mgongoni na maharage jikoni, unatupa jicho juu ya ukurasa, unaona jirani yako kasaini, na wewe unasaini. Hujui ni nyumba ipi, ya nani, itakaa watu gani, wangapi. Umeshaamua jambo la watu kwa karatasi usiyoisoma.

Sikugombezi, mwaya. Mtu mwenye binti wa darasa la sita anayepita njia ileile kila siku kwenda shule ana haki ya kushtuka. Hata mimi ningeshtuka. Ninachokuomba ni kitu kidogo tu: kabla ya kalamu, uliza. Na kabla ya kuuliza tuelewane kwanza kuhusu hiyo dhamana yenyewe, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza, wasomi kwa wasiosoma.

Tunavyosema mtaani mnajua. Kijana wa bodaboda anakamatwa Jumatatu, Alhamisi tunamwona kijiweni anakunywa kahawa. Mmoja anasema, "Kahonga huyo." Wa pili anasema, "Kesi imeisha, hawakuwa na ushahidi." Wa tatu, huyu ndiye mbaya zaidi, anasema, "Serikali imetuachia mwizi, sasa tumalizane naye wenyewe." Wote watatu wamepotea. Dhamana ni ahadi. Mahakama au polisi wanamwambia mtu: nenda kalale kwako, lakini tarehe fulani uonekane hapa, na huyu na huyu wamesimama kwa ajili yako, ukitoroka wao watabanwa. Kesi iko palepale. Na pale kituoni, ukiingia, mara nyingi utakuta imeandikwa ukutani kwamba dhamana ni bure. Anayelipia anaibiwa, na anayepokea anatenda kosa.

Katiba yetu, Ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Haya maneno si ya mapambo. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Daudi Pete, ilikifuta kipande cha sheria kilichokuwa kinawanyima watu wa aina fulani dhamana moja kwa moja, kwa sababu kiligongana na Katiba. Mvutano huo haukuishia hapo. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri la Dickson Sanga, ilisema orodha ya makosa yasiyo na dhamana ni kinyume cha Katiba, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikarudisha mambo yalivyokuwa. Kwa hiyo mpaka leo mtu wa kesi ya mauaji, ya uhaini au ya unyang'anyi wa kutumia silaha hapewi dhamana. Nakwambia haya kwa sababu mbebaji wa daftari atakwambia kwamba wauaji watalala nyuma ya choo chako. Mwulize, kwa sheria ipi?

Sasa, nani anapewa dhamana halafu anabaki rumande? Hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye uchungu wa jambo lote.

Chukua binti wa kazi za ndani. Ametoka Bungu, au Mashewa, au juu huko Vuga, kaletwa mjini na mtu aliyemwambia mama yake kwamba atatunzwa kama mtoto. Siku moja simu ya mama mwenye nyumba haionekani. Binti anapelekwa kituoni. Kesho yake au keshokutwa anasimama mbele ya hakimu, na hakimu anasema dhamana iko wazi: wadhamini wawili, kila mmoja na kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake. Imeisha hiyo. Kwa wewe uliyezaliwa Manundu hilo ni jambo la asubuhi moja. Kwa binti yule ni ukuta. Mjini anamjua nani? Chumba alichokuwa analala ni cha mlalamikaji. Begi lake liko kwa mlalamikaji. Namba ya mama yake ilikuwa kwenye kisimu chake, na kisimu kiko polisi kama kielelezo. Anapakiwa kwenye karandinga. Tarehe ikifika anarudishwa, mwendesha mashtaka anasimama na kusema upelelezi haujakamilika, kesi inapigwa kalenda, anarudi tena. Mtu mwenye dhamana mkononi analala ndani kwa kukosa kitanda nje.

Ndiyo maana nchi nyingine zimejenga nyumba za kati. Wenzetu Kenya, kupitia idara yao ya probesheni, wana hosteli za vijana ambao mahakama imewaweka chini ya uangalizi na nyumbani kwao hakufai kurudi: Shanzu pale Mombasa na Kimumu huko Eldoret kwa wavulana, Nakuru na Siaya kwa wasichana. Wanalala hapo, wanajifunza ufundi, afisa anawafuatilia. Kwetu Tanzania, mahabusu za watoto zipo katika miji michache, na Tanga mjini imo. Mtoto wa Korogwe anayeshtakiwa akikosa mlezi husafirishwa huko, kupita Segera na Muheza, akaenda kukaa mbali na kila anayemjua. Ustawi wa Jamii pia wana familia wanazoziita watu wa kuaminika, ambazo hupokea mtoto kwa muda akiwa hana usalama kwao. Watu wazima wenye dhamana hawana nyumba yao ya namna hiyo. Wao nyumba yao ni ya shangazi.

Hilo la shangazi lifikirie, mdogo wangu, usilipite haraka. Unaposema "hatutaki watu wa dhamana Manundu," tayari unao. Yuko kwa mjomba wake nyumba ya tatu. Yuko chumba cha uani kwa dada yake aliyemdhamini. Na wapo wengine waliokwisha kutiwa hatiani kabisa, lakini kwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 mahakama imewapa kufagia hospitali au kulima bustani ya shule bila malipo badala ya kwenda gerezani kwa kifungo kisichozidi miaka mitatu. Wanafanya kazi mchana, jioni wanarudi kulala nyumbani. Umepishana nao sokoni ukawasalimia. Kilichokuogopesha kwenye daftari si watu hao, ni kule kusikia kwamba kuna nyumba moja itakayowakusanya, na kwamba imeamuliwa bila wewe.

Na hapo, kwenye "bila wewe," ndipo ninapokuunga mkono kwa mikono miwili.

Maana na mimi siwezi kuwatetea wanaoleta mambo haya kwa siri. Kuna watu wana nia njema mpaka inawapofusha. Wanapata fedha kidogo, wanatafuta dalali, dalali anawaonyesha nyumba ya vyumba saba yenye uzio, wanalipa kodi ya mwaka, wanapaka rangi, wanaleta magodoro usiku. Mtaa unakuja kujua siku kijana wa kwanza anapotoka kununua sigara dukani. Ndipo wanakimbilia kwa mwenyekiti kuomba kikao "cha kuwashirikisha wananchi." Kumwuliza jirani baada ya kulipa kodi ni kama kumwuliza bibi harusi kama anamtaka bwana huku pilau limeshapakuliwa. Hata kama angekubali, umemnyang'anya utamu wa kukubali. Na atakapokataa, utasema wananchi ni wagumu, hawana elimu, wana unyanyapaa. Hapana. Wameonewa, na wanajua.

Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Mlango wa kuingilia haki hiyo uko karibu kuliko tunavyodhani. Ni mkutano wa wakazi wa mtaa. Ni yule mwenyekiti tuliyemchagua tarehe 27 Novemba 2024, na afisa mtendaji mwenye mhuri, na diwani, na kamati ya maendeleo ya kata. Na kama kiwanja cha makazi kinageuzwa kuwa taasisi, kubadili matumizi yake kunapita kwa watu wa mipango miji wa halmashauri, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Hayo yote yapo. Yanakufa kwa sababu mbili: wakubwa hawaiti, na sisi tukiitwa hatuendi.

Wee, usigeuze uso, nakwambia wewe. Mkutano unatangazwa kwa kipaza sauti, unasema una nguo za kufua. Wanakwenda wazee sita na kijana mmoja aliyekuwa anapita. Mambo yanapita, muhtasari unaandikwa, mhuri unagongwa. Baada ya mwezi unasimama kibarazani na sauti yote ya dunia: "Sisi hatukushirikishwa!" Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa una maneno makali kuliko wakili, lakini siku ya mkutano kiti chako kilikuwa kitupu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mtu anayeficha hofu yake mkutanoni itamtoka vichochoroni, huko ambako haina mwenyekiti wa kuituliza.

Waingereza nao walilionja hili. Mwaka 2007 serikali yao iliipa kampuni binafsi kazi ya kupanga nyumba za kawaida, katika mitaa ya kawaida, ili watu wa dhamana wasio na makazi wakae humo. Wazo halikuwa baya. Lakini sehemu nyingi majirani, na hata baadhi ya halmashauri, walilalamika kwamba hawakuulizwa kabla. Makelele yakaanza, magazeti yakapata chakula, na watu wengi wakabaki na picha moja kichwani: tumefichwa. Nchi yenye mabaraza na maofisa wa mipango miji kila kona, lakini kosa likawa lilelile la dalali wetu na magodoro ya usiku.

Na sisi wa pande hizi hatuhitaji kwenda mbali. Handeni imepokea watu zaidi ya mara moja. Wale Wabantu waliotoka Somalia kwa vita vya miaka ya 1990, ambao mababu zao walikuwa Wazigua waliochukuliwa karne ya kumi na tisa, walikaa kwanza kambi ya Mkuyu, halafu mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo. Walikuja wamechoka, wanatoka nchi yenye bunduki, na jina la ukimbizi liko juu ya vichwa vyao. Lakini wengi walikuwa bado wanasema Kizigua. Mzee wa Handeni akimsalimia mtu kwa Kizigua akaitikiwa kwa Kizigua, hofu inapungua yenyewe. Baadaye wengi wao wakapewa uraia. Halafu mwaka 2022, kule Msomera, familia zilizotoka Ngorongoro zilianza kupokelewa, na mpaka leo swali la nani aliulizwa na nani hakuulizwa, kwa waliohamishwa na kwa waliokutwa, halijatulia vinywani mwa watu. Mambo ya Msomera ni makubwa, si ya kona hii. Nimeyataja tu ili uone kwamba swali hili likirukwa mwanzoni haliendi popote. Linakaa pale likikusubiri, miaka.

Turudi Manundu. Tuseme mambo yamefanywa kwa utaratibu. Mkutano umeitwa, watu wa Ustawi wa Jamii wamekuja, polisi kata yupo, na wenye kutaka kuanzisha nyumba wamesimama mbele na makaratasi yao. Wewe umekaa kwenye benchi la darasani, magoti yanagusa dawati. Unasema nini?

Usianze na "hatutaki." Neno hilo likitoka, mazungumzo yamekufa, na walioko mbele wataandika "wananchi walipinga," basi. Anza na watu. Watakaa wangapi kwa wakati mmoja? Nyumba ya watu sita na nyumba ya watu arobaini ni mambo mawili tofauti kabisa, na mtu akikupa jibu la kuzunguka hapo, simama tena umwulize. Ni watu wa makosa gani, na nani anachuja? Wanawake, wanaume, au wamechanganywa? Maana hilo la kuchanganya mimi nitalikataa hadharani. Mtu atakaa kwa muda gani? Kesi ikiahirishwa na kuahirishwa, anabaki?

Kisha uliza habari za usiku. Dada yako nakwambia, nyumba ya namna hii inajulikana usiku. Mchana kila mtu ana tabasamu na kitabu cha wageni. Nani analala pale, mwenye mamlaka, anayelipwa, aliye macho? Saa ngapi geti linafungwa? Asiporudi mmoja, nani anapigiwa simu kwanza, na itachukua muda gani mtaa kujua? Ipo namba ambayo mimi jirani nikipiga saa nane usiku itapokewa na mtu, wala si kuambiwa mteja hapatikani? Mwambie aiandike ubaoni pale pale, kila mtu aichukue.

Halafu lipo swali ambalo watu husahau, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Mlalamikaji anakaa wapi? Mama aliyevunjiwa duka lake Manundu hatakiwi kufungua dirisha asubuhi akamwona mshtakiwa wa kesi yake anapiga mswaki ng'ambo ya barabara. Binti aliyepigwa hatakiwi kubadilisha njia ya sokoni kwa sababu aliyempiga amepewa kitanda karibu na kwao. Mshtakiwa ana haki ya dhamana, lakini haki hiyo haijaandikwa kwamba lazima aitumie mbele ya macho ya aliyeumia. Na mashahidi ndio hao hao majirani. Wakiogopa kutoa ushahidi, kesi inaanguka, na hapo hata wewe uliyekuwa mkarimu utajuta. Kwa hiyo wenye nyumba waulizwe: mtu wa kesi ya mtaa huu mtampokea hapa, au mtampeleka kwingine? Wakijibu kwamba hawajawahi kufikiria, wamekuja mapema mno. Waende wakafikirie, warudi.

Kuna watakaosimama na kusema, "Kwa nini mjini? Wapelekeni porini huko, kwenye mashamba ya mkonge." Naielewa hamu hiyo, lakini tulia uipime. Mtu wa dhamana anatakiwa kuonekana mahakamani kila tarehe, na wengine wanatakiwa kuripoti polisi. Ukimweka mbali bila nauli, umemtengenezea kutoroka. Akishindwa kufika anatolewa hati ya kukamatwa, wadhamini wanabanwa, na wewe unasema, "Si niliwaambia?" Tena mahali palipojificha hapana jicho la jirani. Nyumba iliyo porini mwenyewe akiwa mkatili, akiwapiga vijana, akiwafunga minyororo kwa jina la tiba, nani atasikia? Jirani mwenye maswali mengi ni ulinzi wa mtaa, na ni ulinzi wa wale walio ndani pia. Kwa hiyo iwe mjini, lakini si ubavuni mwa shule, wala si mlango kwa mlango na baa au kijiwe kinachojulikana kwa unga. Kijana anayejitahidi kuacha dawa ukimweka hatua ishirini kutoka kwa muuzaji wake, umemhukumu wewe kabla ya mahakama.

Na wewe mdogo wangu mwenye nyumba ya kupangisha, nakuona umenyamaza kule nyuma. Hela ya mwaka mzima kwa mkupuo ni tamu, hasa ada za shule zikiwa mlangoni. Chukua, sina neno, lakini usichukue kimyakimya. Ukiulizwa na majirani nani anahamia, usiseme "ni ofisi ya NGO" ukamung'unya. Utaishi na watu hawa baada ya mpangaji kuondoka. Siku ukifiwa, wao ndio watakaobeba jeneza, na mpangaji wako atakuwa ameshahamia mji mwingine na mradi wake. Mwambie akalipie hodi kwanza, yaani aende kwa mtendaji, apate kikao, ndipo uandike mkataba. Akikataa kwenda, huyo ana jambo analificha, na hela yake itakutokea puani.

Ninyi mnaotaka kuanzisha nyumba hizi, wala sijawasahau. Nawapenda kwa moyo wenu, kazi hii ni ngumu na shukrani zake ni chache. Njooni mtaani na viwanja viwili vitatu mkononi, vya kuchagua, msije na kimoja kilicholipiwa. Mkija na kimoja mmekuja kutoa taarifa, na watu wanaijua taarifa hata ikivishwa kanga ya mashauriano. Ongeeni na akina mama peke yao, kwa wakati wao, maana kwenye mkutano mkubwa baba mmoja mwenye sauti nene anaweza kusema kwa niaba ya mtaa mzima huku mwenye hofu halisi amekaa kimya na kanga mdomoni. Mpeni mtaa viti viwili kwenye kamati yenu ya kusimamia. Na mkiahidi taa ya barabarani au mlinzi, iwekeni taa kabla ya kuleta watu.

Nikuambie lingine, na hapa sitabembeleza. Ukishakuwa na nyumba kama hiyo mtaani, au hata huyo mmoja tu aliyedhaminiwa na shangazi yake, likitokea jambo, kuku wakiibwa, dirisha likivunjwa, kidole cha kwanza kitakwenda huko. Naomba kisiwe chako. Tunajua sote yanayofuata: mtu anapiga yowe, vijana wanatoka na fimbo, mwingine kashika tairi, na kesho redio inasema "wananchi wenye hasira kali." Hao wananchi wana majina. Wana mama zao. Wanaishia wao wenyewe kwenye kesi ya mauaji, ile isiyo na dhamana. Mwanao wa miaka kumi na tisa aliyefuata mkumbo kwa dakika kumi atakaa rumande akiwa na mdhamini, akiwa na barua, akiwa na mama mwenye kiwanja, na hakimu hatakuwa na cha kumsaidia. Mfundishe leo, usingoje yowe. Mtu akishukiwa, anapigiwa simu polisi kata, basi.

Mwaya, naona wengine mna swali la mwisho: je, kama nyumba imeshafunguliwa, magodoro yameshaingia, na hakuna aliyetuuliza? Usipige mtu jiwe, usimwage takataka getini. Kaeni majirani wachache, hata watano wanatosha, muandike barua kwa afisa mtendaji wa mtaa, nakala kwa diwani, kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na kwa watu wa mipango miji. Msiandike "tunawakataa wahalifu." Andikeni nyumba iko wapi, ilianza lini kwa mnavyojua, na maswali yenu yale yale ya idadi, ya usiku na ya mlalamikaji. Ombeni mkutano, na ombeni wenye nyumba wawepo. Mpeleke barua wawili, ofisini, siku ya kazi, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri huo watawaambia kwamba haikufika.

Na siku ya mkutano nguo zifuliwe jana yake. Fika mapema, andika jina lako kwenye mahudhurio, kaa mbele. Usipopata nafasi ya kusema, mwombe katibu aliandike swali lako kwenye muhtasari chini ya mengineyo, halafu usiondoke mpaka akusomee alichoandika.